Mrejesho: chakula cha besi bwawani
Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu bwawa langu huku Georgia, Marekani: besi (samaki wanaokula samaki wengine) wamekonda, na samaki wadogo waliomo siwatambui.

Nilitazama mdomo na mapezi kama mlivyoniambia. Wengi ni blugili, samaki bapa ambao besi huwala: mdomo mdogo, doa jeusi sehemu ya nyuma ya pezi la mgongo. Wachache wana mdomo mpana na mapezi yenye ukingo wa njano, hao ni sanfishi wa kijani, jamaa wa blugili. Nawatoa kila nikiwanasa.

Mino (visamaki vya kulisha besi) niliowaongeza wameliwa wote, besi wakubwa hawakuwapa nafasi ya kuzaana. Kilichosaidia kweli ni matawi niliyozamisha: makinda ya blugili yamejaa humo. Besi wakubwa wananenepa. Wadogo bado wembamba, nazidi kuwapunguza kwa kitoweo. Mungu awabariki.