Reli ya mfano uani: zege au kokoto? Brasi au alumini?

Jirani wa Bahari (Mtwara)
Wakuu, salaam. Niko Shangani, mawimbi nayasikia kitandani. Nataka kuzungusha reli ya mfano uani, ya treni ndogo, mita 30 hivi, ipite chini ya mkorosho. Upana kati ya vyuma viwili milimita 45, maana ile reli ya mradi wa karanga wa enzi za Waingereza, Mtwara hadi Nachingwea, iliyong'olewa miaka ya 1960, ilikuwa na upana wa mita moja. Ukiipunguza mara 22 na nusu unaangukia hapohapo. Sasa nimwage zege au kokoto zatosha? Na reli, brasi au alumini?

Fundi Mtanda (Lindi)
Zege, mkuu. Yangu imekula masika mawili haijatikisika. Ila usirudie kosa langu: nilibana skrubu kila taruma, yaani kila kipande cha mti kinachobeba reli. Saa nane mchana reli ikainuka kama mgongo wa paka! Brasi ya mita 10, joto likipanda nyuzi 25, inarefuka karibu milimita 5. Acha nafasi kwenye viungo.

Mama Mabibo (Mikindani)
Zege la nini, mwanangu? Ukitaka kubadili kona utakodi nyundo. Mimi nimechimba mtaro, nikajaza kokoto ndogo zilizopondwa pamoja na vumbi lake, nikashindilia. Mvua ikiharibu, nasawazisha kwa mwiko na pimamaji, nusu saa kwisha. Usichukue vijiwe vya ufukweni: ni vya mviringo, havishikani, tena vina chumvi.

Mzee wa Betri
Mnabishana msingi wakati adui ni upepo wa bahari. Umeme wa treni ukipita relini, brasi itachafuka kwa upepo huo na utaifuta kila ukitaka kucheza. Stenlesi haina shida hiyo, lakini bei yake, na kuikunja, mh! Weka betri ndani ya behewa, endesha kwa rimoti. Hapo alumini inatosha na ni nafuu. Bila betri usiiguse, kutu yake nyeupe haipitishi umeme. Skrubu ziwe za stenlesi.

Mama Mabibo
Na mataruma omba vipande vya mpingo kwa wachongaji. Mchwa hawaugusi. Toboa kwanza, ukipiga msumari moja kwa moja unapasuka.

Jirani wa Bahari
Basi kokoto, alumini, betri. Fundi usinune. Kuna mzizi wa mkorosho umekatiza njia, niukate?

Fundi Mtanda
Sijanuna. Usiukate, pandisha reli polepole, isizidi sentimita 2 kwa kila mita. Na msimu wa korosho tembea na ufagio, bibo likipondeka relini magurudumu yanateleza palepale.