Gereji ilibadilisha alteneta, kumbe ubovu ulikuwa kwenye waya wa athi: je, ninaweza kudai fedha zangu?

Swali – Mwenye gari, Nakuru
Habari zenu. Mwezi uliopita taa ya betri ilianza kuwaka kila nilipowasha taa kubwa usiku. Gereji moja hapa mjini ilichomeka mashine ya kusomea hitilafu, ikaonyesha msimbo P0562, na papo hapo nikaambiwa alteneta, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikinguruma, imekufa. Nililipa shilingi 32,000. Siku nne baadaye taa iliwaka tena. Wakasema ni betri, nikatoa shilingi 14,000 nyingine. Hatimaye fundi wa jirani aligundua kwamba waya wa athi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye betri, kati ya injini na bodi umelika, akaubadilisha kwa shilingi 1,200, na gari halijasumbua tena. Gereji inakataa kunirudishia chochote kwa sababu risiti yao imeandikwa kwamba vifaa vya umeme vikishafungwa havirudishwi. Je, sheria inanilinda?

Jibu – Fundi wa umeme wa magari, Thika
Pole sana. Msimbo huo unasema tu kwamba volti za gari ziko chini; hausemi ni kwa nini. Kabla ya kuihukumu alteneta, fundi hupima betri gari likiwa limezimwa (iliyojaa husoma takriban volti 12.6), kisha hupima tena injini ikinguruma, ambapo kwa magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5, na mwisho hupima volti zinazopotea kwenye waya wa athi taa zikiwa zimewashwa. Ni kazi ya dakika chache. Waombe vipimo hivyo kwa maandishi. Wasipokuwa navyo, basi walibahatisha kwa fedha zako, na jambo hilo hutuharibia jina sisi sote. Mwombe pia fundi wa jirani akuandikie alichokikuta, na uutunze ule waya mbovu.

Jibu – Wakili, Nairobi
Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 hairuhusu haki hizo zifutwe kwa maneno ya kwenye risiti. Hata hivyo, kukosea peke yake hakutoshi: utahitaji kuonyesha kwamba hawakufanya uchunguzi ambao fundi makini angeufanya. Tarajia pia hoja kwamba umebaki na alteneta mpya yenye thamani. Waandikie barua ya madai, uwape siku 14. Wakinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na ambako unaweza kujitetea bila wakili. Je, alteneta ya zamani iko wapi? Ikipimwa ikawa nzima, hakuna ushahidi utakaoishinda.

Mwenye gari, Nakuru
Nawashukuru nyote. Niliiacha kwao bila kuwaza. Kesho asubuhi nitakwenda kuidai kabla hawajaiuza.