Je, ni sawa kuzisawazisha njia ngumu za miamba ya Luchelele?

Mteremko wa Nyegezi

Ndugu waendesha baiskeli wa Mwanza na wa kando ya ziwa kwa jumla, naomba maoni yenu kuhusu jambo ambalo limeanza kutugawa. Wengi wenu mnaifahamu njia inayoshuka kutoka kwenye miamba ya juu ya Luchelele kuelekea ziwani, hasa pale katikati ambapo mwamba unakatika ghafla na kuacha ngazi inayomfika mtu mzima magotini, kisha njia inapinda kushoto kati ya mawe mawili yanayoacha nafasi ndogo sana ya kupitisha usukani. Mwezi uliopita baadhi ya wenzetu walipanda na nyundo, mtaimbo na sururu, wakauvunja ukingo wa ngazi ile, wakajaza kifusi cha moramu chini yake na kulisukuma jiwe moja kando. Sasa mtu anapita pale bila kunyanyua tairi la mbele wala kurudisha uzito nyuma ya siti, na wahusika wametangaza kwamba wataendelea na sehemu nyingine kabla ya vuli.

Sizipuuzi hoja zao. Wanaojifunza wanaongezeka, wengi wana baiskeli zisizo na shokapu ya nyuma, na mwenzetu mmoja alivunjika mtulinga mahali hapo hapo. Hata hivyo, graniti ya vilima hivi ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ukingo uliovunjwa kwa nyundo hautarudi. Naomba tujadiliane: mwendeshaji anapokutana na sehemu inayomshinda, ni nani anayepaswa kubadilika, yeye au njia?

Fundi Igoma

Mkuu, umefanya vyema kulileta jambo hili kabla mvua hazijaanza. Nimepita pale wiki hii, na kinachonitia wasiwasi kuliko yote ni maji.

Ngazi ile ilikuwa ikifanya kazi mbili. Ilimlazimisha mwendeshaji apunguze mwendo akiwa bado juu, kwenye mwamba mtupu ambao haudhuriki kwa breki, na iliyatawanya maji ya mvua pembeni kabla hayajafika kwenye udongo. Baada ya kuzibwa kwa kifusi, watu wanashuka kwa kasi hadi kwenye kona, wanabana breki juu ya ule udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, na tairi la nyuma linauchimba. Ndani ya kona ile tayari kuna mfereji wa upana wa kiganja, na mvua ya maana haijanyesha bado. Vuli ikianza mwezi wa Oktoba, maji yataufuata mfereji huo, yataubeba moramu wote, na tutabaki na ngazi ndefu kuliko ya mwanzo, yenye shimo mahali ambapo tairi lilikuwa likitua.

Wajenzi wa njia za baiskeli za milimani hufuata kanuni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima inapopita, na kwamba kwa wastani usizidi asilimia 10. Ubavu wa kilima ukiwa na mwinuko wa asilimia 16, njia iliyoukata kwa mshazari isizidi asilimia 8, ili maji yavuke njia badala ya kuigeuza kuwa mtaro. Njia yetu inashuka moja kwa moja, kwa hiyo imekwenda kinyume cha kanuni hiyo tangu zamani, na kilichokuwa kikiiokoa ni mwamba wenyewe. Kuweka udongo badala ya mwamba kwenye njia ya namna hiyo ni kulitengeneza korongo kwa mikono yetu.

Nimesikia pia pendekezo la kuuchoma mwamba kwa kuni na matairi ili upasuke, kama wafanyavyo wapasua mawe wa hapa mjini. Nawasihi sana jambo hilo lisifanyike. Graniti iliyochomwa huachia magamba, na hakuna anayeweza kuuamuru moto ufa uishie wapi. Gamba lililolegea likiteleza chini ya tairi ni hatari kuliko ngazi yoyote mnayoiona kwa macho.

Mwana Sururu

Mimi ni mmoja wa walioshika nyundo siku ile, na nitaeleza sababu zetu kwa uwazi. Mwenzetu alipoanguka tulimbeba mgongoni hadi inakofika gari, naye akiugulia kwa kila hatua, kwa kuwa hakuna machela inayoweza kupita kati ya mawe yale. Anayesema njia ibaki ilivyo, na aseme pia majeruhi atatokaje.

La pili, wapo wanaotuambia kwamba tumeharibu njia ya asili. Njia ile haikuumbwa pamoja na kilima. Imekanyagwa na ng'ombe, mbuzi na watu wanaokwenda ziwani, na katika miaka hiyo yote kila aliyekwazwa na jiwe alilisogeza. Iweje mkono wa mchungaji uhesabiwe kuwa ni asili na mkono wa mwendesha baiskeli uwe uharibifu? Kuhusu maji nakubaliana na Fundi kwamba moramu peke yake hautoshi, lakini hilo linadai kazi bora zaidi, yaani mawe yapangwe vizuri na mtaro uchongwe pembeni. Halitulazimishi kuacha kazi. Mji huu umejaa miamba, na waliozoea ngazi hawatakosa pa kuchezea.

Binti Kirumba

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni miongoni mwa hao wanaojifunza ambao njia imesawazishwa kwa ajili yao, na ningependa ijulikane kwamba hakuna aliyetuuliza. Nilikuwa nikifika pale nashuka, naikokota baiskeli, napanda tena ng'ambo ya pili na kuendelea na safari yangu bila kuona aibu. Ngazi ile ndiyo iliyokuwa ikinionyesha ni kwa kiasi gani nimejua kutumia breki ya mbele na kuweka mwili mahali pake.

Kinachowaumiza wageni ni kutojua kilicho mbele yao. Kuna utaratibu unaotumika katika nchi nyingi, uliowekwa na IMBA, shirika la kimataifa la waendesha baiskeli za milimani, lililoanzishwa Marekani mwaka 1988, ambao huipa kila njia alama kulingana na ugumu wake. Duara la kijani ni njia ambayo vizuizi visivyokwepeka havizidi kimo cha sentimita 5. Mraba wa buluu ni hadi sentimita 20. Almasi nyeusi ni hadi sentimita 38, na kinachozidi hapo hupewa almasi mbili. Ngazi inayofika magotini ni ya almasi mbili bila ubishi. Tungepaka alama hiyo kwenye kibao huko juu, kabla ya mwamba kuanza kuinama, kila mtu angeamua mapema kama anashuka akiwa juu ya baiskeli au anashuka kwa miguu. Whistler, nchini Kanada, zipo njia zilizochongwa kwa mashine zikawa laini, na zipo zilizoachiwa mizizi na mawe yake, na mtu huchagua kwa kuangalia alama.

Kaka Mwana Sururu, nakubaliana nawe kuhusu majeruhi, na hilo lisifanyiwe mzaha. Lakini kuibadili njia bila kuwaarifu watu nako huumiza. Kwenye mbio za Olimpiki za Tokyo, zilizofanyika Izu mwezi Julai 2021, Mathieu van der Poel wa Uholanzi alianguka vibaya kwenye mshuko wa mwamba, na kwa maelezo yake mwenyewe alitarajia kuukuta ubao ambao ulikuwa umewekwa pale siku za mazoezi. Huyo ni bingwa, na aliangushwa na tofauti kati ya njia aliyoikumbuka na njia aliyoikuta. Je, sisi tulioshuka Luchelele kwa kumbukumbu ya ngazi, halafu tukakuta kifusi kinachomung'unyuka?

Mkazi wa Luchelele

Nimesoma yote, na sijaona aliyemkumbuka mama mwenye ndoo kichwani. Njia hiyo ni yetu kwanza. Wanaotoka ziwani walikuwa wakiuweka mguu kwenye ukingo ule wa mwamba, ambao ulikuwa mkavu na mkwaruzo hata baada ya mvua. Sasa wanakanyaga moramu, nao ukilowa unateleza.

Lipo jingine kubwa zaidi. Tangu jiwe lile lisukumwe kando, bodaboda zimeanza kupita. Nimeziona mwenyewe zikishuka na abiria, na jioni moja kundi la watoto waliokuwa wakichunga mbuzi lililazimika kukimbilia mwambani. Mawe yale mawili yalikuwa ndiyo geti letu, ingawa hakuna aliyelijenga. Sasa njia inatanuka kila siku, kwa kuwa pikipiki mbili zikikutana moja hupita kwenye majani. Kwenye mawe hayo hayo huota jua wale mijusi wenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, ambao hata jina lao la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na mji huu. Wamehama pale palipogongwa nyundo.

Mwenyekiti wa mtaa hakuambiwa lolote. Mngepita kwake kwanza, mngeelezwa haya yote kabla ya kuanza kuvunja.

Mteremko wa Nyegezi

Nawashukuru nyote, na nakushukuru zaidi wewe, Mkazi, kwa kuwa suala la bodaboda sikuwa nalo kabisa. Msimamo wangu sasa ni huu. Mwamba usiguswe tena, wala sehemu zile nyingine zisiguswe. Kifusi kiondolewe kabla ya Oktoba, na jiwe lililosukumwa lirudishwe mahali pake, tukiacha upenyo wa kumtosha mama mwenye ndoo na mwendesha baiskeli, usiotosha pikipiki yenye abiria. Wanaohitaji njia laini watengenezewe mchepuko upande wa kulia, ukate ubavu wa kilima kwa mshazari kama Fundi alivyoeleza. Mchepuko huo huo ndio utakaopitisha machela, na hivyo hoja ya Mwana Sururu itakuwa imejibiwa kwa vitendo. Alama za Binti Kirumba ziwekwe juu na chini.

Ukingo uliovunjika sioni namna ya kuurudisha. Kuna aliyeniandikia kando akipendekeza saruji, nami siiafiki, kwa sababu saruji juu ya graniti inayopigwa na jua mchana kutwa hubanduka, na kipande chake kitamwangusha mtu.

Kabla ya yote tutakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mkazi, tafadhali tueleze ni siku gani anapatikana ofisini. Mwana Sururu, naomba uwepo, kwa kuwa wewe na wenzako ndio mnaojua jiwe lile lilikuwa limekaa vipi.

Mwana Sururu

Nitakuwepo. Mchepuko naukubali, kwa sharti kwamba uchongwe kabla kifusi hakijaondolewa, ili wanaojifunza wasikose pa kupita hata kwa wiki moja. Jiwe tulilisukuma watu wanne kwa mitaimbo miwili likiwa linateremka. Kulipandisha kutahitaji watu zaidi, kamba, na magogo ya kulizuia lisirudi nyuma.

Mkazi wa Luchelele

Mwenyekiti hupatikana asubuhi, siku za kazi. Magogo yapo kwangu, na vijana wa hapa watasaidia kulipandisha jiwe.