Ripoti ya mashine pepe na seva zake: skripti inachukua dakika 40

Swali
Habari zenu wadau. Natunza seva 9 zenye mashine pepe 212 (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva) hapa Upper Hill, Nairobi. Wakaguzi wanakuja Jumatatu na wanataka jedwali moja: kila mashine, kumbukumbu yake, seva inayoibeba, modeli na nambari ya siriali ya seva hiyo. Skripti yangu ya PowerCLI (amri za kusimamia mifumo ya VMware) inaita Get-VM kupata orodha ya mashine, kisha ndani ya kitanzi inaita Get-VMHost, yaani taarifa za seva, kwa kila mashine. Dakika 40! Na safu ya siriali inatoka tupu. Jana niliingia chumba cha seva na tochi ya simu, nikasoma vibandiko kimoja kimoja. Viwili vimefutika kabisa.

Jibu
Pole mkuu. Kitanzi ndicho kinakuchelewesha: unabisha hodi vCenter (programu kuu inayosimamia seva zote) mara 212 ilhali seva ni 9. Ita Get-VMHost mara moja kabla ya kitanzi, ziweke kwenye @{} (jedwali la kutafutia) kwa jina, halafu tafuta humo kwa $vm.VMHost.Name. Modeli iko kwenye Model. Siriali utaipata kwa Get-VMHostHardware, sehemu ya SerialNumber.

Jibu
Weka UsedSpaceGB (nafasi ya diski inayotumika) kando ya ProvisionedSpaceGB (nafasi iliyotengwa). Mashine iliyotengewa GB 500 huenda inatumia 60 tu. Na andika saa kwenye jina la faili, maana DRS (kipengele cha VMware kinachosawazisha mzigo kati ya seva) ikiwa imewashwa mashine zinaweza kuhama seva wakati wowote.

Muulizaji
Nimejaribu sasa hivi: dakika 2. Siriali zote 9 zimetoka, hata zile mbili za vibandiko vilivyofutika. Asanteni sana!