Tupeane uzoefu: geti la waya wa fensi kwa viwanja vya Mwanza, kuanzia nguzo hadi komeo

Mwanzisha mada, Buswelu

Salaam ndugu zangu wa Jiji la Miamba na vitongoji vyake. Kiwanja changu cha Buswelu kimekwisha kuzungushiwa waya wa fensi pande zote, na pengo lililobaki ni la geti. Sitaki geti la bati wala la nondo zilizokunjwa maua. Nataka la waya uleule, kwa sababu ni jepesi, gharama yake inahimilika, na mtu aliye ndani humwona anayebisha hodi kabla hajamfungulia. Hata hivyo, kila fundi niliyemwuliza amenipa jibu lake: mmoja anasema jambo kubwa ni waya, mwingine anasema ni nguzo, na wa tatu anataka nimlipe kwanza ndipo aseme. Ninaomba waliokwisha kufunga mageti ya aina hii watueleze waliyoyaona, hasa kuhusu ardhi ya maeneo yao, kwa kuwa sidhani kama geti la Kisesa na geti la Isamilo yanaweza kusimikwa kwa namna moja.

Fundi wa kuchomelea, Nyakato

Aliyekuambia nguzo amekuambia kweli. Wateja wengi wakifika kwangu huanza kwa kuushika waya, kuuvuta na kuuliza geji, na si vibaya kufanya hivyo, lakini geti huharibika kwa sababu ya nguzo na bawaba, mara chache sana kwa sababu ya waya. Kuhusu waya wenyewe, kumbuka kwamba geji huhesabiwa kinyume: namba inavyopungua ndivyo waya unavyonenepa. Geji 10 ina unene wa milimita 3.25 hivi, geji 12 ni 2.64, geji 14 ni 2.03, na geji 16, ambayo bei yake huwavutia wengi, ni 1.63 tu. Kwenye geti nisingeshuka chini ya unene wa geji 12 hata kama fensi yote ni ya geji 14, maana fensi imesimama tu, wakati geti husukumwa, hupigwa teke na hupandwa na watoto kila siku. Usitosheke na kibandiko kilicho kwenye rola. Omba fundi apime waya mbele yako kabla hujalipa.

Kitu kinachosahauliwa zaidi kwenye fremu ni kipande cha mshazari. Geti likining'inia kwenye bawaba, kona ya chini upande wa komeo hutaka kushuka. Ukitumia bomba, lianzie chini upande wa bawaba na lipande hadi juu upande wa komeo, ili lisukume. Ukitumia waya wa kukaza, ufanye kinyume chake, yaani utoke juu kwenye bawaba ushuke hadi chini kwenye komeo, kwa kuwa waya huvuta na hauwezi kusukuma. Nimeitwa mara nyingi kunyanyua mageti yaliyoburuza chini, na mengi yao yalikuwa na waya uliofungwa upande usiofaa.

Sasa namna ya kufunga wavu kwenye fremu. Wapo mafundi wanaouchomelea moja kwa moja kwenye bomba, nukta baada ya nukta. Kazi huisha haraka na siku ya makabidhiano geti hupendeza, lakini kila nukta imeunguza zinki, na zinki ndiyo inayozuia kutu. Mvua za masika zikipita, utaona michirizi ya kahawia ikishuka kutoka kwenye kila nukta. Njia yangu ni kupitisha chuma bapa ndani ya macho ya mwisho ya wavu, kutoka juu hadi chini, kisha kukivuta hadi wavu utoe mlio ukigongwa kwa kidole, na ndipo ninapokibana kwenye fremu kwa boliti. Siku wavu ukikatika unafungua boliti na kuubadilisha bila kuwasha mashine. Pale ninapolazimika kuchomelea bomba lenye zinki, ninaikwangua kwanza kwa grenda na kufanya kazi mahali penye hewa, kwa sababu moshi wa zinki humpa fundi homa na baridi kali usiku huo. Nikimaliza ninapaka rangi yenye zinki ndani yake. Rangi ya fedha ya kawaida hupendeza macho tu.

Mama mfugaji, Kisesa

Mwangaluka. Fundi, asante kwa maelezo. Wewe umesema ya juu ya ardhi, mimi nitasema ya chini. Sisi huku tumejenga kwenye mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka hadi mguu wa mbuzi ukazama, na mvua zikinyesha huvimba na kunyanyua kila kilichosimikwa juujuu. Geti la jirani yangu lilikuwa zuri kuliko langu, lakini nguzo zake ziliishia kina cha magoti. Mvua za vuli zilipokwisha, nguzo moja ilikuwa imeegemea huku na nyingine kule, komeo halifikii tundu lake, na mwenye nyumba akawa anafunga kwa mnyororo wa ng'ombe.

Mzee wangu alisisitiza kwamba shimo lazima lipite tabaka linalopasuka. Tulichimba zaidi ya mita moja, tukalipanua chini kuliko juu ili zege liwe na kitako, kisha tukaziunganisha nguzo mbili kwa mkanda wa zege wenye nondo unaopita chini ya kizingiti. Mafundi waliubishia sana mkanda huo wakisema ni kupoteza saruji. Ardhi ikivimba, nguzo zote mbili husogea pamoja, kwa hiyo komeo na tundu lake huendelea kukutana. Faida nyingine, ambayo hatukuitarajia, ni kwamba magurudumu hupita juu ya mkanda huo na tope la langoni limekwisha.

Kwa wenye mifugo: macho ya inchi mbili huzuia mbuzi na kuku wakubwa, lakini vifaranga hupita watakavyo, na ng'ombe anayewashwa atajikuna kwenye geti hadi wavu utune. Dawa yake ni bomba la kulala kwenye kimo cha bega la ng'ombe.

Mkazi wa Isamilo

Mama wa Kisesa anachimba. Sisi wa mlimani hatuna pa kuchimba. Nguzo yangu moja imesimama juu ya jabali. Tulishauriwa tulichome moto ndipo tulivunje, kama ifanywavyo mara nyingi hapa jijini, lakini jiwe lililochomwa hubaki na nyufa zisizoonekana kwa macho, nami sikutaka nguzo ya geti ishikiliwe na jiwe la namna hiyo. Tulikodi drili, tukatoboa matundu na kuyapuliza hadi vumbi lote likatoka (hatua hii isirukwe, kwa sababu gundi haishiki vumbi), tukasimika vipande vya nondo kwa gundi ya kubania chuma kwenye mawe, kisha kitako cha nguzo kikafungwa juu yake. Nguzo ya pili iliangukia kwenye changarawe na ikapata zege la kawaida.

Mteremko ulitupa kazi kuliko jabali. Kiwanja kikipanda kuelekea ndani, geti linalofunguka kwa ndani hukwaruza ardhi kabla halijafika nusu. Wapo wanaolinyanyua geti hadi mbwa anapita chini yake, na wapo wanaolifungulia nje, njiani, jambo ambalo ni hatari kwa wapita njia na linaweza kukuingiza kwenye mgogoro wa hifadhi ya barabara. Sisi tuligawa geti mabawa mawili, kwa kuwa bawa fupi linahitaji eneo dogo la kuzungukia, na tukasawazisha eneo hilo tu.

Mchangiaji, Nyegezi

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini mimi bado sioni sababu ya geti la waya. Kila anayepita anaona umenunua nini na umepika nini, na mwizi akija na koleo la kukatia waya hatumii muda mrefu. Geti la bati humfanya abahatishe.

Mchangiaji, Luchelele

Kaka wa Nyegezi, hoja ya koleo ni ya kweli, wala hakuna anayedai kwamba waya ni ukuta. Lakini huku kwetu upepo wa ziwani hauna mzaha: geti la bati huupokea kama tanga la mtumbwi, na uzito wote huo huishia kwenye bawaba. Waya huuacha upepo upite. Kwa faragha tumepanda minyaa kandokando ya fensi, na sehemu ya geti peke yake ndiyo tumeiacha wazi. Kuhusu usalama, mambo mawili yametusaidia. La kwanza ni kuchomelea kipande cha bati nene kuzunguka komeo, ili mtu wa nje asiweze kulifikia kwa kijiti chenye ndoano kupitia kwenye macho ya wavu. La pili ni kuigeuza bawaba ya juu itazame chini. Bawaba zote mbili zikitazama juu, watu wawili hulinyanyua geti likiwa na kufuli lake na kuliweka pembeni.

Wanaonunua viwanja karibu na maji nao wapime kabla ya kuchimba shimo la nguzo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ziwa lenyewe halikai mahali pamoja: mwaka 2020 na tena 2024 maji yalipanda kiasi kwamba baadhi ya fensi za ufukweni zilisimama majini. Hofu ya chumvi tuwaachie ndugu zetu wa Dar es Salaam na Tanga, maana maji yetu ni baridi. Kutu ya huku huletwa na mvua na zinki iliyounguzwa, kama alivyoeleza fundi.

Mwanzisha mada, Buswelu

Nashukuru sana. Yamebaki maswali mawili. Upana ufaao ni upi, ikiwa nyumba bado haijajengwa? Na je, kuna ubaya fundi akiniletea geti lililokwisha kuchomelewa karakanani? Ninaye mmoja anayesema analo tayari, la futi 12, na anaweza kulifunga kesho.

Dereva wa lori la mchanga, Buhongwa

Nitajibu la kwanza. Kwa gari dogo, futi 10 zinatosha. Lakini kwa kuwa hujajenga, fikiria mchanga, kokoto na tofali vitakavyoingia. Lori halizidi sana mita mbili na nusu kwa upana, ila haliingii likiwa limenyooka isipokuwa barabara inaelekea getini. Vichochoro vya Buswelu unavijua. Kama tunaingia kwa kukata kona, futi 14 ndizo zinazotuwezesha kupita bila kugusa nguzo yako, na nguzo ikiguswa na lori lenye mzigo haisimami tena wima. Usiweke bomba la kupita juu ya geti. Weka pia mlango mdogo wa mita moja pembeni, ili bawa kubwa lisifunguliwe kwa kila mtoto anayetumwa dukani.

Fundi wa kuchomelea, Nyakato

La pili ni langu. Usikubali. Kwanza nguzo zisimame, zipimwe kwa timazi na kuegeshwa kwa mbao pande mbili, zege limwagwe kwa kipimo cha ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, kisha limwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba bila kutundikwa kitu. Baada ya hapo fundi aje apime pengo juu, katikati na chini, kwa sababu vipimo hivyo vitatu ni nadra kulingana, na fremu ikatwe kwa kufuata kile kilicho kidogo, ikiachiwa nafasi ya bawaba na komeo. Mwenye geti lililo tayari atalazimika kusogeza nguzo zako zilifuate geti lake, na kama nguzo zimekwisha kukauka, atajaza pengo kwa vipande vya chuma. Mwambie akuletee bomba na wavu vikiwa vizima, akatie hapohapo kiwanjani. Akikataa, mtafute mwingine.