Mjadala: Mwizi wa gari akibomoa kibanda wakati anatoroka, ashtakiwe kwa wizi peke yake?

Wachangiaji waliotangulia wamegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza unasema kwamba mwizi wa gari abebe kila hasara iliyotokea tangu aliposhika mlango wa gari hadi alipokamatwa, awe alikusudia au hakukusudia. Upande wa pili unasema kwamba wizi ni wizi, na kumwongezea mtu shtaka kwa sababu ya ajali ni kumwadhibu kwa mkosi. Mimi naunga mkono upande wa kwanza, lakini kwa masharti, na nitajikita katika sheria ya Kenya.

Kwanza tutenganishe uharibifu wa aina mbili, kwa maana naona mjadala unauchanganya. Mtu anayevunja kioo cha mlango wa nyuma, akakita bisibisi kwenye tundu la ufunguo mpaka likalegea, kisha akararua plastiki iliyo chini ya usukani ili afikie nyaya, hakuna anayeweza kudai kwamba hakukusudia. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu moja kwa moja, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 5, huku wizi wenyewe wa gari ukiangukia kifungu cha 278A chenye kifungo kisichozidi miaka 7. Makosa yote mawili yanaweza kuwekwa katika hati moja ya mashtaka. Wenye magari wa Nairobi, ambao huchora namba za usajili kwenye vioo vya pembeni kwa hofu ya wezi, hawahitaji kuelezwa kwamba gharama ya kutengeneza kilichovunjwa wakati mwingine huzidi thamani ya kilichoibwa. Hapa sioni ubishi.

Ubishi unaanza gari likishaondoka. Tuchukue mwizi anayefukuzwa usiku, anakosa kona, anaingia ndani ya kibanda cha mama mboga: mabati yanakunjamana, meza inapasuka, masanduku ya nyanya yanasagwa chini ya magurudumu. Kibanda hicho hakukikusudia, hata hakujua kama kipo. Kifungu cha 339 kinadai kusudi, nacho kifungu cha 9 kinasema mtu hawajibiki kijinai kwa tukio lililotokea kwa ajali, isipokuwa pale ambapo sheria yenyewe inaadhibu uzembe. Kinachobaki ni Sheria ya Trafiki, yaani kuendesha kwa hatari chini ya kifungu cha 47 au bila uangalifu chini ya kifungu cha 49. Vifungu hivyo hupima namna gari lilivyoendeshwa. Havikuwekwa kwa ajili ya kupima kilichobomolewa.

Mama mboga naye ategemee nini? Bima ya lazima ya magari chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inahusu kifo na majeraha ya mwili, haihusu mali ya mtu mwingine. Anaweza kumshtaki mwizi katika mahakama ya madai, akashinda, kisha asipate kitu kwa sababu mwizi hana kitu. Kifungu cha 31 cha Kanuni ya Adhabu kinairuhusu mahakama ya jinai kuamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia mtu aliyedhurika kwa kosa lake, lakini ikiwa kosa lililothibitishwa ni wizi peke yake, aliyedhurika kwa kosa hilo ni mwenye gari, na mama mboga atalazimika kubishana ili tu atambuliwe. Kwangu mimi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na nashangaa kwamba haijatajwa.

Waingereza walilijaribu jambo hili mwaka 1992, walipotunga sheria mahususi dhidi ya anayechukua gari bila idhini kisha uharibifu ukatokea kabla gari halijapatikana. Mshtakiwa anaweza kujinasua akithibitisha kwamba uharibifu ulitokea kabla hajalichukua, au kwamba hakuwa ndani ya gari wala karibu nalo. Kwa miaka mingi mahakama zao zilishikilia kwamba si lazima dereva awe na kosa lolote barabarani. Ndipo mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya mtu aliyechukua lori dogo na kugongana na mwendesha skuta aliyefariki, ikaamua kwamba lazima kuwe na kasoro fulani katika uendeshaji iliyochangia tukio, ingawa mshtakiwa huyo alikuwa amekunywa pombe kupita kiwango. Uamuzi huo uliwaudhi wengi. Mimi nauona ni sahihi, kwa sababu mwizi aliyesimama kwenye taa nyekundu akagongwa kwa nyuma na kusukumwa ukutani hakuubomoa ukuta huo.

Basi napendekeza tuwe na kosa kama hilo la Waingereza, lenye sharti la kasoro katika uendeshaji, na ambalo hukumu yake imtaje mwenye mali iliyoharibiwa ili fidia ifuate bila kesi nyingine. Kuhusu abiria wa gari lililoibwa, kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu tayari kinawabebesha wote walioshirikiana katika lengo haramu kosa ambalo lilikuwa tokeo la kutarajiwa la lengo hilo. Kifungu hicho kitumike dhidi ya waliopanga wizi, wala kisimguse kijana aliyepewa lifti njiani bila kujua gari ni la nani.

Mchangiaji mmoja ameuliza kuhusu gari la polisi likigonga ukuta wakati wa kumfukuza mwizi. Hilo nisingelimbebesha mwizi chini ya kosa hili, kwa kuwa usukani wa gari hilo haukuwa mikononi mwake. Anayeona vinginevyo atueleze ni kwa kifungu gani.