Ziwa Ngosi: twende Aprili au tusubiri kiangazi?

Mdau wa Makambako
Wakuu, heshima kwenu. Tuko 12, tuna siku mbili za kuzunguka wilaya ya Rungwe, Mbeya: ya kwanza Ngosi, ya pili Daraja la Mungu na Kijungu kwenye mto Kiwira. Likizo yetu inaangukia Aprili. Njia inapitika? Na wapo wanaotaka kushuka mpaka majini, wasiishie ukingoni.

Mwanatukuyu
Karibuni sana. Inapitika, ila mtateleza. Tukuyu kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua, na Aprili iko katikati ya masika. Udongo wa kule ni majivu ya volkano: ukikauka ni vumbi, ukilowa ni sabuni. Mkiweza kusogeza, njooni kati ya Julai na Oktoba, mjiandae kwa baridi tu.

Kama ni lazima Aprili, basi saa moja asubuhi muwe mmeshashuka Isongole, barabara ya Mbeya–Tukuyu. Toka lami hadi msitu unapoanzia chukueni pikipiki. Gari dogo litanasa. Lipieni kiingilio cha msitu, mdai stakabadhi, mchukue mwongozaji wa hapohapo. Kupanda ni kama saa moja na nusu. Msichelewe, maana jua likipata nguvu ukungu hupanda na kutanda juu ya kreta, yaani shimo la volkano lenye ziwa, na anayefika saa saba mchana mara nyingi huona weupe mtupu, ziwa halionekani.

Miguuni vaeni viatu vyenye meno. Gambuti laini chini halifai, linazuia maji lakini halishiki. Suruali ndefu ichomekwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na mikono mirefu kwa sababu kuna majani yanayowasha pembeni mwa njia. Nguo za kubadili zifungeni kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi; begi lenyewe litalowa tu.

Fundi wa Uyole
Kuhusu kushuka majini: Aprili hapana. Ukuta wa kreta umesimama wima, watu wanashuka kwa kushika mizizi, na mvua ikinyesha mko chini ndipo shida inapoanza, kwani kupanda tena kunakula muda mara mbili. Jioni msituni giza linaingia mapema. Kiangazi washuke wachache wenye nguvu, wakiachana mita kadhaa ili jiwe likiporomoka lisimpige wa chini. Shika shina la mti hai, usishike tawi kavu wala gugu.

Mama Kiwira
Wanangu, Kijungu kiko eneo la Chuo cha Magereza. Ombeni ruhusa getini, na msipige picha kabla ya kuuliza. Pale mto Kiwira unaingia kwenye shimo la mwamba na kuzunguka kama chungu kinachochemka. Miamba ina utelezi hata kiangazi, kaeni mbali na ukingo. Daraja la Mungu ni mwamba wa volkano uliovuka mto huohuo, simameni mahali mwongozaji atakapowaonyesha.

Ngosi wazee wanaiheshimu, kuna matambiko. Msirushe mawe majini wala kupiga kelele. Mkikutana na mzee njiani anzeni kwa "ugonile", salamu ya Kinyakyusa, ndipo muulize njia. Chakula msibebe kingi, Kiwira ndizi za kupika na maharage mtapata, na parachichi za barabarani.

Mdau wa Makambako
Ndaga fijo, asanteni sana. Tunahamishia Agosti, na watakaoshuka majini watakuwa wanne.